Picha ya Mwezi wa Saba

Mtu ninayetaka kumwelezea hapa anaitwa Shingo. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini ukimtafuta kwa jina hilo mtaani kwetu utazunguka mpaka viatu viishe soli. Wamemwita Shingo kwa sababu shingo yake haitulii. Anaweza kuwa anakueleza habari za msiba, ghafla kichwa kikapanda, macho yakaenda mawinguni, wewe ukabaki unaongea na kidevu. Wasiomjua hudhani ana dharau. Sisi tunaomjua huwa tunangoja tu ashuke.

Mimi namwita shemeji, kwa kuwa aliendesha malori ya kokoto pamoja na marehemu mume wangu kwa miaka kumi na tisa. Machimbo yako juu ya mji, na upande wa mashariki wa machimbo kuna mwamba mrefu uliosimama wima kama ukuta. Juu ya mwamba huo wanaishi tai wawili, weusi tii, wenye alama nyeupe mgongoni. Shingo aliwaona kwanza kupitia kioo cha lori, akiwa kwenye foleni ya kupakia. Wenzake walikuwa wakicheza karata au wakisinzia kwenye usukani, yeye kichwa kiko nje ya dirisha. Mume wangu akirudi nyumbani alikuwa akicheka peke yake. "Leo mwenzangu kapakiwa lori zima asijue. Mwenyewe alikuwa angani."

Mgongo ulipomshinda akaacha lori. Tulidhani kiinua mgongo atajengea chumba cha kupangisha, kama wenzake. Akanunua kamera kuukuu yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Mkewe alinuna wiki nzima, akawa anampakulia chakula bila kumtazama. Yeye akawa anapanda mwamba wa pili, ule unaotazamana na kiota, anakaa huko kutwa na gunia la kukalia. Siku za kwanza alileta picha za mawingu na mikia. Baada ya miaka miwili akaleta picha ambayo ukiitazama unaona hadi kucha zilivyobana jiwe.

Duka langu ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Nina kompyuta, printa ya rangi, mashine ya kutoboa karatasi na kufunga waya, na kiti kimoja cha mteja. Mimi niliishia darasa la saba. Kompyuta nimefundishwa na binti yangu kabla hajaenda chuo cha ualimu, naye hana subira. "Mama, usiiogope, haiumi," alikuwa akisema, huku mimi nikibonyeza kitufe kama mtu anayegusa pasi kuona kama imepata moto. Lakini nina jicho. Karatasi ikiingia imepinda nywele moja, ninaiona. Cheti cha mtu kikikosewa herufi, ninakijua kabla mwenyewe hajakisoma. Watu huniletea kazi kwa ajili ya jicho hilo.

Kalenda lilikuwa wazo la Shingo. Mwezi wa kumi na moja analeta kadi ya kamera, tunakaa siku mbili tatu kuchagua picha kumi na mbili. Kisha wateja wanaleta tarehe zao: leo kuzaliwa kwa mjukuu, kesho siku ya ndoa, keshokutwa kumbukumbu ya baba. Mimi naziandika ndani ya vile vyumba vya siku, kwa rangi nyekundu, na jina la familia linakaa juu ya ukurasa wa kwanza. Wengine nawatumia faili kwenye simu wachape wenyewe huko waliko. Hivyo hakuna kalenda mbili zinazofanana, ila tai ni wale wale.

Katika kazi hiyo Shingo alikuwa na sharti moja. Picha iliyopigwa mwezi wa tatu ikae mwezi wa tatu. Ya mwezi wa nane ikae wa nane. Mwaka mmoja nilimwambia, "Shemeji, hii ya mwezi wa pili ni giza tupu, tuichukue ile nzuri ya wa tisa." Akatikisa kichwa. "Mwezi wa pili tai hana habari na wewe, shemeji. Kila picha na mwezi wake." Sikumwuliza sababu. Nikajua ni ule ukaidi wa watu wa picha, kama fundi nguo asiyetaka uguse futi yake.

Sasa nije kwenye lile ninaloandikia.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa msimamizi wa machimbo. Alihamishiwa hapa miaka minne iliyopita, mtu mnene, mcheshi, vumbi limemkaa kwenye nyusi hata akiwa amevaa suti. Mwaka jana alituma tarehe zake kwa simu. Miongoni mwazo ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba, binti yake wa mwisho anatimiza miaka sita.

Nikafungua ukurasa wa mwezi wa saba niandike. Picha ya mwezi huo nilikuwa nimeiona tulipokuwa tunachagua, na ilinisumbua tangu wakati huo. Tai hutaga mayai mawili. Wanatoka makinda wawili, na yule aliyetangulia humdonoa mdogo wake mpaka anakufa. Kila mwaka ni hivyo, Shingo aliniambia, kama anayetaja bei ya sukari. Kwenye picha, kinda mdogo amelala kifudifudi, manyoya ya shingo yametoka, na mkubwa amemsimamia juu.

"Na mama yao yuko wapi?" nilimwuliza.

"Si huyo pembeni? Ule mguu ni wake. Anaangalia tu."

Nilikaa mbele ya kompyuta, tarehe ya yule mtoto mkononi, nikawaza: huyu binti atafunua kalenda ofisini kwa baba yake aone siku yake ya kuzaliwa, na juu ya siku yake akute hivi? Mimi ni mzazi. Moyo haukukubali. Nikaivuta picha ya mwezi wa kumi, ambayo ilikuwa tai wawili wazima wako angani na kiota kitupu chini yao, nzuri ajabu, nikaiweka mwezi wa saba. Ile ya makinda nikaipeleka mwezi wa kumi, ambako msimamizi hakuwa na tarehe yoyote. Ni kwenye kalenda yake tu. Kazi ya dakika mbili.

Shingo huwa anakagua kila kalenda, anafunua ukurasa mmoja mmoja akilamba kidole. Siku ile mgongo ulikuwa umemshika, ameketi upande upande kwenye kiti cha mteja, jasho linamtoka. Nikamwambia, "Nenda kapumzike, shemeji. Nimekagua mwenyewe." Akanitazama, akasema, "Jicho lako nalitegemea," akaondoka ameshika ukuta.

Miezi ikaenda. Mwaka huu, mwezi wa saba ulipoanza, mgongo wa Shingo ukazidi. Daktari akamlaza kwenye ubao siku kumi na nne, asipande popote. Jumanne moja alasiri msimamizi akaingia dukani na vumbi lake.

"Mama Kalenda! Nichapie tangazo, nakala ishirini, herufi kubwa. Hata mbuzi alisome."

"Mbuzi wa kwetu hawakwenda shule, Msimamizi. Tangazo la nini?"

"Ulipuaji. Andika: Tahadhari, Alhamisi, saa tano asubuhi, upande wa mashariki."

Nilishaanza kuandika. Vidole vikasimama kwenye neno mashariki.

"Mashariki si ndiko kwa tai?"

"Ndiko. Wameshaondoka." Alikuwa akijipepea kwa karatasi ya mezani kwangu. "Si tuna mkataba wetu mimi na Shingo? Nilipohamia hapa alikuja ofisini na kalenda, akaitundika mwenyewe, akaniambia: picha ni za mwaka uliopita, lakini tai hufuata miezi yao; ukiona kiota kina kitu, upande wa mashariki usiguse. Ukiona kitupu, lipua utakavyo. Mimi ndege siwajui, najua mawe. Lakini huo mkataba unanifaa, hauna maneno mengi. Miaka yote tunalipua mwezi wa kumi. Mwaka huu nimefunua wa saba, kumbe kitupu. Nikasema ahaa, wamewahi. Kokoto zenyewe zinatakiwa kama mkate."

Nilijitia kutafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

"Mmeshaanza?" nikauliza.

"Leo tunatoboa mashimo. Kesho mchana tunajaza baruti. Alhamisi, bwii!"

Ilikuwa ni kusema tu. Maneno yenyewe hayakuzidi kumi: Msimamizi, hiyo picha nimeibadilisha mimi, kinda yumo kiotani. Angepiga simu, mashine za kutoboa zingezimwa, na mimi ningeona aibu nusu saa. Nikamtazama alivyokaa kwenye kiti cha mteja, ananiamini, anacheka. Nikawaza atakavyosimulia ofisini kwamba yule mama wa jicho anachanganya miezi. Nikawaza Shingo. Nikajiambia, nitamwambia Shingo kwanza, ndiye mwenye tai, yeye ndiye aseme.

Nikamalizia neno mashariki. Nikachapa nakala ishirini. Moja ilitoka imepinda kidogo, nikaichapa upya.

Shingo anakaa mitaa miwili kutoka dukani. Jumanne hiyo sikwenda. Nilijiambia mteja anaweza kuja. Jumatano asubuhi nilichemsha uji, nikautia kwenye chupa nikampelekea, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta kalala chali kwenye ubao wake, kamera iko kifuani kama mtoto, anaangalia picha za mwisho alizopiga kabla ya kulazwa.

"Njoo uone, shemeji. Huyu hapa. Amebaki mmoja, mweupe kama pamba. Bado hana manyoya ya kumtosha baridi, mama yake akiondoka nusu saa tu anaanza kutetemeka."

"Mungu amkuze," nikasema.

"Atakua. Mbona una uso kama umeitwa polisi?"

"Kichwa tu."

"Kunywa uji wako mwenyewe basi. Umeuleta kwa mgonjwa asiyefaa."

Tukacheka. Kile kicheko ninakisikia mpaka leo. Nikakaa mpaka saa tano na nusu, tukazungumza habari za mgongo wake, za chuo cha binti yangu, za bei ya wino. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya tatu mkewe aliingia na maji ya kukanda, nikaaga. Nilijua vizuri kwamba mchana wanajaza baruti. Sikusahau hata dakika moja. Wala sitaki mtu anionee huruma kwa kudhani nilipitiwa.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilipofungua duka, niliona tangazo langu mwenyewe limebandikwa kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Lilikuwa limenyooka vizuri. Nikafunga mlango niliokuwa nimetoka kuufungua, nikaenda kwa Shingo mbio, kanga ikinivuka.

Na hata hapo sikusema kweli. Nilipofika nikatamka, "Shemeji, kalenda ya Msimamizi ilikosewa. Mashine ilichanganya kurasa. Wa saba imeingia ya wa kumi. Wanalipua leo saa tano."

Alijiviringisha akashuka kwenye ubao, akapiga magoti, akajiinua kwa kushika mlango. Mkewe akapiga kelele, "Wewe, daktari!" Akamjibu, "Mwambie nimepona." Tulisimamisha lori la kokoto barabarani, dereva akamtambua, akatupandisha mbele. Kila shimo la njiani Shingo aliuma meno, na mimi nilikuwa katikati, miguu ya kamera mapajani.

Msimamizi alikuwa nje ya ofisi amevaa kofia ngumu. Shingo akamwambia akiwa bado anashuka.

"Kinda yumo, ndugu yangu. Simamisha."

"Yumo vipi? Kalenda si—"

"Kalenda imekosewa. Kosa ni langu. Mwaka jana sikukagua."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nilimsikia akilichukua lile kosa kama mtu anayeokota kitu chake. Sikutoa sauti.

Msimamizi akavua kofia, akajikuna. Kucheka kwake kote kulikuwa kumeisha. "Shingo, mashimo yameshajazwa tangu jana. Baruti ikishaingia kwenye mwamba haitoki. Haiachwi pale, haichokolewi. Ni kulipua tu. Ungekuja juzi, hata jana asubuhi, ningekuambia haya, mkataba ni mkataba, tukahamia upande mwingine. Sasa hivi nisipolipua naweka watu wangu sabini juu ya moto."

"Naelewa," akasema Shingo. Ameendesha lori pale miaka mingi, anajua.

Tulipanda ule mwamba wa pili. Alinishika bega njia yote, na nilihisi uzito wake unavyokatika kila hatua. Akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akainama, akawa anaona. Kisha akanipisha nione. Kinda alikuwa kama kiganja, amejikunyata chini ya kifua cha mama yake, kichwa kimetokeza upande.

King'ora kikalia. Saa tano.

Mlipuko ule sikuusikia kwa masikio tu, niliusikia kwenye magoti. Vumbi likapanda, na ndani ya vumbi nikaona kitu cheusi kinatoka mwambani, kinazunguka, kinapanda juu, juu, mpaka kikawa doa. Dume akatokea mbali, naye akageuka. Shingo hakuinua kichwa mara hii. Jicho lake lilikuwa kwenye kamera, kwa kinda.

"Amepona," akasema. "Kiota hakijaanguka. Sasa mama arudi tu. Akirudi kabla ya saa sita na nusu, tumeshinda."

Upepo wa pale juu unakata. Mimi nilikuwa nimejifunika kanga mbili na bado nilitetemeka. Saa sita ikafika. Tai jike alikuwa akija, anakaribia, harufu ya baruti inamfikia au sijui nini, anageuka. Alifanya hivyo mara tano, nilihesabu. Saa sita na nusu ikapita. Nilimwona Shingo akifungua na kufunga mkono wake wa kushoto, ule usioshika kamera.

Tai alirudi saa nane na dakika ishirini. Alitua pembeni ya kiota, akatembea taratibu, akamgeuza kinda kwa mdomo. Kisha akapanda juu yake, akajitandaza, akakaa.

"Kamlalia!" nikasema. "Shemeji, kamlalia!"

Shingo akatazama muda mrefu. "Kamlalia," akasema. "Lakini alipomgeuza, kichwa hakikujishika. Ameshakufa, shemeji."

"Na yeye hajui?"

"Atajua kesho. Au keshokutwa."

Hapo ndipo nilipomwambia. Sijui kwa nini hapo, na si Jumanne, na si kwenye uji. Nikamwambia kwamba mashine haikuchanganya kitu, ni mimi niliyebadilisha picha kwa mikono yangu, kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa Msimamizi. Nilitegemea atanitukana. Nilimwomba Mungu anitukane.

Yeye akaniuliza neno moja. "Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Ulimi ulishaanza kwenda huko.

"Jumanne. Alikuja kuchapisha tangazo. Nikalichapa."

Akafikiri. Nilimwona akihesabu siku. "Jumanne mashimo yalikuwa matupu," akasema.

"Ndiyo."

"Na jana ulileta uji."

"Ndiyo, shemeji."

Akarudi kwenye kamera. Aliendelea kupiga picha, moja, nyingine, nyingine, tai juu ya mtoto wake. Tuliposhuka hakunishika bega. Alishuka kwa makalio, jiwe kwa jiwe, kama mtoto anayejifunza ngazi, na mimi nilibeba kamera nyuma yake bila kuthubutu kunyoosha mkono.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza yote, ili ajue kosa halikuwa la Shingo. Alinisikiliza amekunja mikono. Nilipofika kwenye siku ya kuzaliwa ya binti yake, alishangaa kweli kweli.

"Mama Kalenda, binti yangu hajawahi kukanyaga hapa. Ofisi ya machimbo mtoto aje kufanya nini? Ile tarehe niliomba mwenyewe, maana naisahau, mke wangu ananisema." Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Tangu sasa nitampigia simu Shingo kabla ya kutoboa. Kalenda nitaangalia tarehe tu."

Shingo hakuja dukani mwezi wa nane, wala wa tisa, wala wa kumi. Nilimwona barabarani mara chache, mgongo umepata nafuu, anakwenda mwambani na gunia lake. Tuliamkiana. "Hujambo, shemeji." "Sijambo, shemeji." Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilikuwa kila siku kama mtu aliyechuchumaa anayakusanya kwa viganja. Wateja walianza kuulizia kalenda. Nikawaambia bado.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu, aliingia, akaketi kwenye kiti cha mteja, akatoa kadi mfukoni. Sikujua nifanye nini kwa mikono yangu. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Picha kumi na mbili, ameshazichagua mwenyewe. Mwezi wa tano mayai. Mwezi wa sita jike juu ya mayai, mvua inampiga. Mwezi wa saba jike amelala juu ya kinda, na ni mimi na yeye tu tuliojua kilichokuwa chini. Mwezi wa nane kiota kitupu. Mwezi wa tisa kiota kitupu, majani makavu yameanza kupeperuka. Mwezi wa kumi kiota kitupu.

"Shemeji," nikasema, "watu hununua kwa ajili ya kinda. Miezi mitatu kiota tu?"

"Ndicho kilichokuwepo."

Nikazipanga. Alifunua kila ukurasa akilamba kidole, kisha alifunua zile za wateja waliokwisha kutuma tarehe, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho. Sikumwambia akapumzike.

Bado yuko pale kitini, akaingia fundi cherehani wa kona ya pili, mteja wetu wa tangu mwanzo. Hanunui bila kutazama. Akachukua kalenda ya mfano mezani, akafunua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Mama, hii imeharibika. Wa nane, wa tisa, wa kumi, picha ni ile ile. Mashine yako imerudia?"

Shingo hakutazama juu wala nje. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mashine ni nzima," nikasema. "Mwaka huu kinda hayupo. Alikufa mwezi wa saba. Walilipua mwamba wakati yumo, kwa sababu mimi nilibadilisha picha kwenye kalenda ya Msimamizi, na nilipojua nikanyamaza siku mbili."

Fundi akanitazama, akamtazama Shingo, akanitazama tena. "Siku mbili!"

"Siku mbili."

"We mama, na ulivyo na maneno! Uliyaweka wapi?" Akaishika kalenda mbali na uso, akaangalia ule ukurasa wa mwezi wa saba kwa muda. Nilidhani atairudisha. Akaiweka mezani, akatoa karatasi ya tarehe zake kwenye pochi. "Haya, niandikie. Mjukuu wangu ni tarehe tatu mwezi wa nane. Kiota kitupu, kitupu hivyo hivyo. Nitamweleza mwenyewe akiuliza."

Alipoondoka Shingo alisimama, akakusanya kadi yake. "Wako wateja wangapi waliotuma tarehe?" akauliza.

"Arobaini na mmoja."

"Wataulizia wote."

"Nitawajibu wote, shemeji."

Akaitika kwa kichwa, akatoka. Hakusema atarudi kesho, nami sikumwuliza. Nikavuta karatasi ya fundi, nikafungua mwezi wa nane, nikaandika jina la mjukuu wake kwa rangi nyekundu.